Nani Mwingine Ameona? Karne ya 17 na Suala la Shahidi

(Mhadhara uliotolewa Mombasa, jioni, mbele ya wanafunzi, wazazi na majirani)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema: salaam aleikum, hamjambo nyote.

Nianze na jambo lisilohitaji kitabu. Kila mwaka, jioni ya 29 Shaabani, nusu ya mji huu hutoka nje baada ya magharibi kuangalia mwezi. Usiku huo simu hazipoi. Wa Lamu anasema umeandama, wa Tanga anasema mawingu yalitanda, hapakuonekana kitu. Na ubishi wote ule, ukiuchuja, hubakia maswali matatu: nani ameuona? Walikuwa wangapi? Ni watu wa kuaminika? Hatuulizi mwezi wenyewe ulikuwaje. Tunauliza habari za shahidi.

Sasa, waandalizi waliniandikia orodha ndefu. Nizungumzie darubini, hadubini, vita vya miaka 30 kule Ulaya, kuanguka kwa utawala wa Ming huko China mwaka 1644, Newton na kitabu chake cha 1687, halafu nimalizie na Waomani kuitwaa Ngome yetu hapa, Fort Jesus, Desemba 1698. Yote hayo kwa muda wa saa moja! Huko ni kuikausha bahari kwa kifuu. Nimeikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Nitashika jambo moja tu, lile la mwezi wa Shaabani: mtu akiona kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiona, atafanya nini ili mwenzake amsadiki? Karne ya 17 ilihangaika na swali hilo kuliko karne nyingine yoyote ninayoijua, na vifaa vipya ndivyo vilivyolizusha.

Tuanze Uholanzi. Oktoba 1608, fundi wa miwani wa mji wa Middelburg aitwaye Hans Lipperhey aliwaendea wakubwa wa nchi akiwa na bomba lenye vioo viwili. Ukichungulia, kilicho mbali kinasogea. Akaomba hati ya kumlinda, asiigwe. Wakubwa wakapanda mnarani wakalijaribu, wakalipenda, wakamlipa awatengenezee mengine; hati wakamnyima. Kisa ni kwamba walikwishajitokeza wengine wakisema na wao wanayajua hayo. Kitu chenyewe kilikuwa chepesi mno kuigwa. Mwaka uliofuata mabomba hayo yalikuwa yakiuzwa Paris.

Habari ikamfikia mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Padua, Galileo Galilei. Huyu hakungoja kuletewa. Alijisugulia vioo mwenyewe hadi akapata darubini ya kukuza mara 20 hivi, akaielekeza juu. Kwanza mwezi: una milima na mabonde. Kisha Kilimia. Wakulima wetu wamekihesabia mvua tangu zamani, na mnaujua msemo wa kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa macho matupu mtu huhesabu nyota sita, mwenye macho makali saba. Galileo alichora zaidi ya 30. Halafu usiku wa 7 Januari 1610 akaielekeza kwa sayari ya Mshtarii, yaani Jupita, akaona vinyota vitatu vimejipanga kando yake. Usiku uliofuata vimehama. Baada ya siku chache kikatokea cha nne. Akaelewa kwamba ile ilikuwa miezi, inaizunguka Mshtarii kama huu wetu unavyotuzunguka. Kitabu kidogo kikatoka Venice mwezi Machi.

Hapo ndipo pana utamu wa kisa. Aprili mwaka huohuo Galileo alikwenda Bologna na darubini yake, akawakusanya wasomi zaidi ya 20 nyumbani kwa profesa mmoja wa falaki ili waione miezi kwa macho yao. Wakatazama, zamu kwa zamu. Hawakuiona! Alikuwapo kijana mmoja, Martin Horky, aliyemwandikia Johannes Kepler kule Prague kwamba kile chombo kinafanya maajabu kwa vitu vya duniani, lakini kikielekezwa mbinguni kinadanganya. Akaongeza, bila haya, kwamba alikibonyeza kile kioo kwenye nta kwa siri ili apate umbo lake. Yaani hakukiamini, ila wizi wa kukiiga haukumpita.

Mimi siwacheki wale wasomi wa Bologna. Nilipokuwa kidato cha pili tuliletewa hadubini moja darasa zima. Mwalimu akaweka ngozi ya kitunguu, tukapanga foleni. Zamu yangu ilipofika nikaona miti mirefu myeusi imesimama wima, inatikisika. Nikaichora kwa makini kabisa. Mwalimu akaja, akatazama mchoro, akanitazama mimi, akasema, “Hizi ni kope zako.” Darasa zima likacheka mpaka kengele. Ndugu zangu, kutazama ndani ya kioo ni kazi ya kujifunza. Zile darubini za mwanzo zilikuwa na uwazi mdogo, vioo vyenye ukungu, na mkono ukitikisika kidogo tu Mshtarii inakimbia. Mtu mwaminifu kabisa aliweza kuchungulia na asione kitu.

Kwa hiyo shahidi mmoja hatoshi, na 20 wasiojua wanachotafuta nao hawatoshi. Aliyelitatua jambo hili vizuri kuliko wote ni Kepler. Alikuwa mwanahesabu wa Kaizari Rudolf II, na bila kuiona miezi ile kwa macho yake alishamwamini Galileo, akamwandikia hivyo. Lakini barua ya kuunga mkono sio ushahidi, naye alilijua hilo. Mwishoni mwa Agosti 1610 akaazimwa darubini ambayo Galileo mwenyewe alikuwa amempelekea mtawala wa Cologne. Akawaita wenzake wachache. Na utaratibu aliouweka ni huu: kila mmoja atazame peke yake, achukue chaki, achore alichokiona bila kumwonyesha mwenzake wala kumwambia. Kisha michoro iwekwe pamoja.

Chaki tu! Nimefundisha historia miaka mingi, nimekula vumbi la chaki mpaka likaingia mapafuni, na sijui kama kuna mahali ilipofanya kazi kubwa kuliko pale. Michoro ikilingana, basi kile kitu kiko nje, angani. Isipolingana, kiko ndani ya jicho la mtu, kama kope zangu. Ililingana. Kepler akaichapisha taarifa hiyo na kuwataja mashahidi wake. Mwaka uliofuata mapadri Wajesuiti wa chuo chao Roma, wataalamu wa falaki wa kanisa lenyewe, nao wakathibitisha kwamba miezi ipo.

Kepler huyohuyo, nataka mumfuate kidogo mpaka kijijini kwao, maana huko aliona upande wa pili wa ushahidi. Mwaka 1615 mama yake mzazi, Katharina, mjane mwenye ulimi mkali aliyejua miti shamba, alishitakiwa uchawi huko Leonberg, Ujerumani. Jirani yake mmoja alidai aliugua baada ya kunywa kinywaji alichopewa na mama huyo. Baada ya huyo wakazuka wengine: huyu mguu wake ulilemaa, yule mnyama wake alikufa. Mashahidi hawakukosekana, walipanga foleni. Mama akakamatwa Agosti 1620, akafungwa minyororo miezi 14, na yeye kizee wa miaka zaidi ya 70. Mwanawe akaacha kazi zake, akasafiri akamtetea, akishika ushahidi mmoja baada ya mwingine na kuonyesha kuwa ugonjwa ule una sababu yake ya kawaida, na maneno haya hayaafikiani na yale. Bibi yule akaonyeshwa vyombo vya mateso ili atishike akiri. Hakukiri. Aliachiwa mwaka 1621, akafa mwaka uliofuata.

Fikirini wangapi waliochomwa moto enzi zile bila kuwa na mtoto wa kuwahoji mashahidi. Pale kila mtu alikwishamsikia mwenzake kabla ya kusema lake. Ndicho Kepler alichokizuia kwa chaki.

Na huku kwetu? Karne ileile, habari ya shahidi ilitufika, na ilikuja kwa damu. Sultani wetu hapa Mombasa, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa, India, angali mtoto baada ya baba yake kuuawa kwa njama za Wareno. Akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala. Agosti 1631 akaingia Ngomeni, akamuua kapteni wa Kireno, akarudi kwenye Uislamu, na Wareno wa mji pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha dini wakauawa. Mwaka 1632 Wareno wakaja na manowari kuirudisha Ngome wakashindwa. Baadaye Yusuf mwenyewe akaondoka na mizinga yake, akawa haramia wa baharini.

Kilichonivuta ni kilichofuata. Mapadri waliwatafuta walionusurika, wakawaapisha, maneno yao yakaandikwa. Walitaka kuthibitisha kwamba waliokufa Mombasa walikufa kwa ajili ya dini. Kiswahili chetu kina neno moja kwa yote mawili: anayetoa ushahidi ni shahidi, na anayekufa kwa imani ni shahidi. Kwa hiyo walitafuta mashahidi wa mashahidi. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu siku zile yametoka kwenye viapo hivyo vya upande mmoja. Yusuf hakuulizwa. Ukienda Ngomeni kesho, simama uani ukumbuke kwamba tunasikia kesi ambayo mshitakiwa hakufika mahakamani.

Miezi michache baada ya mauaji yale ya Mombasa, mwaka 1632, Galileo alitoa kitabu chake kikubwa cha mabishano juu ya jua na dunia. Watu wengi hudhani aliteswa kwa sababu padri fulani alikataa kutazama kwenye darubini. La. Miezi ya Mshtarii kanisa lilikwishaikubali zamani. Ugomvi ulikuwa juu ya maana: nani ana haki ya kusema kwamba dunia inazunguka jua, na kwa ushahidi gani? Na tuseme haki, ushahidi wake wa kuzunguka kwa dunia ulikuwa na mapengo. Aliutegemea sana mwendo wa maji kupwa na kujaa, na hapo alikosea. Mvuvi yeyote wa Likoni angemwambia kwamba bamvua hufuata mwezi. Hata hivyo, hilo halihalalishi kumpigisha magoti mzee wa miaka 69, tarehe 22 Juni 1633, na kumwapisha akane. Akafungiwa nyumbani kwake karibu na Florence hadi alipofariki mwaka 1642, amepofuka.

Niwape shahidi mmoja asiyekuwa mtu. Paris, mwaka 1676, Mdenmaki Ole Rømer alikuwa akifuatilia mwezi wa ndani kabisa wa Mshtarii, unaoingia na kutoka kivulini kila baada ya saa 42 na nusu hivi. Alisema mapema: Novemba 9 utachelewa dakika 10. Ukachelewa. Sababu aliyoitoa ni kwamba nuru husafiri, na dunia ilikuwa imekwenda mbali zaidi. Alikadiria nuru hukata kipenyo cha njia ya dunia kwa dakika 22. Leo tunajua ni karibu 17. Mkuu wa falaki pale Paris, Cassini, hakukubali. Lakini angalia ujanja wa Rømer: sema kabla, halafu mwache Mshtarii atoe ushahidi.

Mwaka huohuo, Delft, Uholanzi. Muuza vitambaa Antoni van Leeuwenhoek, asiyejua Kilatini, anatengeneza vioo vidogo kama punje, anavibana kati ya vibati viwili vya shaba, anavisogeza jichoni hadi karibu kugusa kope. Anataka kujua kwa nini pilipili manga inawasha. Pilipili hiyo ilikuja kwa meli za kampuni ya Kiholanzi kutoka Mashariki. Anadhani labda punje zina vimiba. Anailoweka, maji yakipungua anaongeza ya theluji iliyoyeyuka. Aprili 24 anatazama: maji yamejaa vijinyama, vinaogelea, vingine vidogo kupita kiasi. Hao ni bakteria, na alikuwa ndiye binadamu wa kwanza kuwaeleza.

Oktoba akaiandikia Royal Society ya London, chama ambacho kaulimbiu yake ni kutokubali jambo kwa kauli ya mtu yeyote. Na kweli hawakukubali. Leeuwenhoek akawaita watu wanane wa kuheshimika, wakiwemo wachungaji, wakatazama na kutia saini. Ona anavyokwenda: kama sisi na mwezi wa Shaabani, waadilifu kwanza! London wakashukuru, lakini wakataka kuona wenyewe. Robert Hooke akaloweka pilipili yake. Majaribio ya kwanza hayakuonyesha kitu. Novemba 15, 1677, kwa vimirija vyembamba vya kioo, vijinyama vikaonekana mbele ya kikao, na waliokuwapo wakaandikwa majina.

Hapo ningependa kuwaambia kisa kimekwisha vizuri. Hakikuisha. Leeuwenhoek aliishi hadi 1723, akapokea wageni wakubwa, hata Petro Mkuu wa Urusi mwaka 1698, lakini vioo vyake bora hakumwonyesha mtu na namna yake hakumfundisha mtu. Alipokufa, wale vijinyama wadogo zaidi wakawa vigumu kuonekana tena kwa muda mrefu.

Naona mwenyekiti anaitazama saa. Nimekuja na darubini ndogo, iko uani, na Mshtarii imeshapanda juu ya mwembe ule. Mawingu yakituruhusu tutaiona. Mezani pana karatasi na chaki za rangi. Tafadhalini, mkishatazama, kila mtu aende pembeni achore peke yake, wala asimwambie jirani alichoona. Nyinyi wa mlangoni, mtaanza nyinyi.