Mawe ya chumvi ya kuita paa: nilivoongea na wafugaji na vijana hapa Malindi

Assalamu alaykum wazee wangu, shikamooni, mama zangu, na nyinyi vijana mlojaa huko nyuma mkivuta viti. Wengi mnanijua, mi ni yule wa agroveti, na kabla ya duka nilikaa miaka 6 Wisconsin kule Marekani nikibeba magunia kwenye duka la vyakula vya wanyama. Hayo ndo yamenisimamisha hapa leo, manake kuna kijana, sitamtaja, yuko humu ndani, alikuja dukani akanionyesha kwa simu mfuko wa madini ya kulungu wa Marekani, una picha ya dume lenye mapembe kama tawi la mkwaju, akaniambia mjomba nataka kuagiza hii niimwage kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, paa wawe wanakuja, nitege kamera, watalii wapate picha na mimi nipate riziki. Nikamwambia mwanangu, ngoja kwanza. Nia yake ni nzuri na riziki ni riziki, ila hili jambo nalijua kwa ndani na sitaki aingie bila kuambiwa.

Tuanze na huyo mnyama mwenyewe. Kule wanamwita dia, sisi tukitafsiri tunasema kulungu, lakini kulungu wetu na funo na paa ni ukoo mwingine, tofauti iko kwa pembe. Pembe ya paa ikishaota imeota, ndani mfupa, juu kumevikwa ganda kama la kucha, anakufa nayo. Dume la dia linaangusha pembe zake kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, halafu mwezi wa 4 hivi zinaanza kuota nyingine, mwezi wa 8 au wa 9 zimekomaa. Na hio pembe ni mfupa wenyewe, kalsiamu na fosforasi, kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi, na inakua haraka kuliko chakula kinavyoweza kuilisha, kwa hivo mwili unakopa, unachota madini kwenye mbavu unayapandisha kichwani, kisha mnyama anaenda akilipa polepole kwa malisho. Mi niliposoma hivo mara ya kwanza nilinyamaza, subhanallah, mnyama anajikopesha mbavu zake.

Sasa wawindaji wa kule wanataka mapembe makubwa, wenye kutengeneza wanalijua hilo, ndo unaona ile picha mbele ya mfuko. Lakini mfuko haununuliwi kwa mbele, unageuzwa nyuma unasoma lebo. Ukigeuza, mifuko mingi utakuta kitu cha kwanza ni chumvi, mara nyingi zaidi ya nusu, na ni chumvi hii hii inayoanikwa Gongoni na Ngomeni hapa juu yetu. Halafu ndo kalsiamu, fosforasi, vitu vidogo vidogo kama zinki na shaba na seleniamu, halafu molasi na harufu ya tufaha au ya karanga.

Na kila kimoja kina kazi yake, hapa nataka mnisikize vizuri. Kinachoita ni chumvi. Majani machanga baada ya baridi yamejaa maji na potasiamu, mnyama akiyala sodiamu inamtoka kwa mkojo, anabaki na kiu ya chumvi, ndo maana dia wanalamba sana kuanzia majani yakichipua mpaka katikati ya joto, baadae hamu inapungua. Molasi na harufu zinamfanya mnyama apajue mahali mapema na arudi. Fosforasi yenyewe haina mwito wowote, ni chungu, mnyama akipewa peke yake anaipita, lazima ifichwe ndani ya chumvi. Kwa hivo mfuko ambao karibu wote ni chumvi na harufu ni wa kuita tu, haulishi, na yule mwindaji amelipa pesa nyingi kwa chumvi ya jikoni. Pembe kubwa inataka umri kwanza, dume la mwaka mmoja na nusu ulipe gunia zima halitaota pembe za dume la miaka 5, halafu inataka malisho mazuri na damu ya ukoo. Madini yanaweza kuziba pengo pale ambapo udongo ni maskini, zaidi ya hapo mi sitamuahidi mtu.

Mtu akiniuliza, wewe kama ungekuwa kule na sheria inaruhusu ungechagua gani? Ningechukua ya unga sio jiwe, chumvi isizidi nusu, kalsiamu na fosforasi zimeandikwa kwa kiwango sio kwa maneno matamu, na isiwe na unga wa mifupa wala kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Na zile chupa za mkojo wa dia, manake wanauza mkojo kweli, wa kuvutia madume, nisingezigusa kabisa.

Kwanini? Kuna ugonjwa kule wa dia, wa kukonda, ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967, dia anakonda, anadondokwa na mate, anatembea kama hajui aendako, hauna dawa hauna chanjo. Hausababishwi na bakteria wala virusi, ni protini iliyopinda vibaya, wanaiita prioni, inaenda ikipindisha zingine kwenye ubongo. Inatoka kwa mate, mkojo na kinyesi, na ikiingia kwenye udongo inakaa miaka na inabaki na uwezo wa kuambukiza. Wisconsin iligunduliwa 2002. Sasa fikiria jiwe la chumvi liko mahali pamoja, dia 30 wanapitisha ndimi zao hapo usiku kucha, chumvi ikiyeyuka na mvua wanakula mpaka udongo wenyewe, nimeona mashimo mtu anaingia mpaka magotini. Na mwaka 2018 watafiti wa Wisconsin walitoa matokeo yao, walipima udongo na maji ya mahali pa kulamba kama hapo na wakazikuta hizo prioni. Ndo maana majimbo mengi yamepiga marufuku kuweka chambo na chumvi, na mengine yamekataza ule mkojo. Mi nimesimama kwenye kaunta nikimuuzia mtu jiwe la chumvi na najua wilaya anayotoka hairuhusiwi, naambiwa wewe uza, ataliweka wapi si shauri lako. Hilo mpaka leo linanikaa moyoni.

Najua kuna mtu anasema moyoni, hio prioni iko kwao, sisi haituhusu. Sawa, tuiache hio ya dia. Tuongee ya hapa. Sotoka ya miaka ya 1890 iliingia na ng'ombe ikaua nyati na wanyama wengi wa porini sehemu kubwa ya Afrika, dunia imekuja kutangaza imeisha mwaka 2011. Lakini iko ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, wafugaji humu mnaijua, macho yanatoka tongo, mafua, kuhara, mdomo vidonda. Mwisho wa 2016 iliingia kwa swala wa Mongolia wanaoitwa saiga, ikatoka kwa mbuzi na kondoo wa wafugaji, wakafa kwa maelfu. Sasa wewe umeweka chumvi kando ya msitu, unadhani watakuja paa peke yao? Mbuzi wa kijiji watafika kabla ya paa, manake mbuzi ananusa chumvi kuliko mtu anavonusa pilau, atalamba aache mate, usiku anakuja paa analamba hapo hapo.

Na sio paa wa kuchezea. Huku tuna paa nunga, makao yake yanayojulikana ni Zanzibar na misitu hii yetu, Arabuko-Sokoke na kule Boni na Dodori upande wa Lamu, basi. Ukimpoteza huyu huna pa kumuagiza.

Halafu tembo. Arabuko-Sokoke ina tembo, na tembo na chumvi mnajua wenyewe, kule mlima Elgon wanaingia ndani ya pango la Kitum gizani wanachimba ukuta kwa pembe zao kutafuta chumvi. Ukimwekea chumvi ukingoni mwa msitu, umemuonyesha njia ya shamba la mahindi la mama fulani. Na wenye mitego ya waya nao wana macho, mahali paa wanapozoea kuja kila usiku ndo mahali pa kutega. Kuwinda kumepigwa marufuku Kenya tangu 1977 lakini waya bado upo msituni.

(Hapa mzee mmoja akauliza mbona kule hoteli ya Treetops, mbuga ya Aberdare, walikuwa wanamwaga chumvi watalii waone wanyama.) Ni kweli mzee wangu, walimwaga, na wanyama walikuja. Ila pale ni ndani ya hifadhi, mbali na zizi la mtu, na kuna askari. Pia mahali pamoja pakikanyagwa na nyati na tembo miaka na miaka miti inaisha, panabaki vumbi. Kwa hivo hata pale si bure. Wewe mwanangu nenda kwa watu wa wanyamapori na wa misitu uwaulize wapi unaruhusiwa kuweka kamera, weka karibu na mabwawa ya mvua yanayojaa yenyewe, keti usubiri. Picha itachelewa lakini itakuja.

Sasa chumvi ya zizini, hio nunueni, na hapa nina jambo zito. Mwaka wa kwanza wa duka langu alikuja mzee ana kondoo, nikamuuzia madini ya ng'ombe, ndo yalokuwepo, nikaona madini ni madini. Baada ya wiki kadhaa kondoo wanne wamelala, macho ya manjano, mkojo mwekundu umekuwa kama kahawa, wakafa. Ni shaba. Kondoo hawezi kuitoa shaba mwilini haraka, inajaa kwenye ini kimyakimya, siku moja ini linaiachia yote kwenye damu. Ng'ombe anaihitaji, mbuzi anaivumilia, kondoo inamuua. Nilimlipa yule mzee, lakini nilikuwa nimeshika lebo mkononi na sikuisoma.

Kwa hivo ukiwa na mbuzi na kondoo zizi moja nunua ya kondoo. Mbuzi mpe ya unga kwenye kibakuli kikavu, ulimi wake ni mdogo, jiwe gumu la ng'ombe atalilamba siku nzima asipate cha kutosha. Jiwe lenye yurea, ile nitrojeni wanayowekewa wanyama wanaocheua, liweke chini ya paa la bati, likinyeshewa yale maji yakatuama na mnyama akayanywa, hafiki jioni. Na nyinyi mlotoka Lamu na punda, punda hacheui, yurea haimsaidii kitu, mpeni chumvi ya kawaida na maji safi, na chakula chochote cha ng'ombe au kuku chenye dawa inayoitwa monensini msimpe hata kidogo, inamuua moyo. Beberu naye msimzidishie pumba, fosforasi ikizidi kalsiamu anaota mawe kwenye njia ya mkojo, utamuona anajikamua hakuna kinachotoka.

(Mama mmoja akauliza kuhusu magadi, wazee walikuwa wanawapa mbuzi magadi.) Mama, magadi yana sodiamu ndo maana mbuzi wanayapenda, lakini mengi yana floridi nyingi, ikizidi inaharibu meno na mifupa, yao na yetu. Chumvi ya Gongoni ni nafuu na ni salama zaidi, hio iwe ya kila siku, halafu madini ya mfuko uongeze pale unapoona mbuzi wanatafuna mifupa au nguo kwenye kamba, manake hio mara nyingi ni fosforasi wanatafuta.

Haya, niliwaambia kila mtu aje na pakiti yake ya nyumbani. Zileteni hapa mbele kwenye meza tusome lebo moja moja, na kama nilikuuzia mimi isiyofaa utarudishiwa pesa yako. Tuanze na wewe mama wa mfuko wa kijani, wewe una kondoo wangapi?