Ushirikiano Hauna Kipindi Chake

Ndugu walimu, walimu wakuu na wazazi mliofika,

Nimelisema hili katika vikao vingi hapa Mombasa, na sitachoka kulisema hadi nilione katika maandalio ya masomo: kumfunza mtoto kuishi na wenzake si kazi ya gwaride la asubuhi wala ya mwalimu wa dini peke yake, bali ni sehemu ya Hisabati, ya Kiswahili na ya Sayansi. Mtaala wa umilisi (CBC) tulioanza nao hapa Kenya mwaka 2019 unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na sote tunaujua. Hata hivyo, madarasani ushirikiano huo umekuwa ni kusogeza madawati tu: hodari mmoja anaandika, watatu wanamtazama, na kundi zima linapewa alama ya vyema. Huko ni kukaa pamoja, si kujifunza pamoja.

Chukueni gredi ya nne inayosoma habari za Ngome ya Yesu. Watoto wagawanywe makundi ya wanne wanne, na kifungu kikatwe vipande vinne: katika kila kundi, wa kwanza apewe ujenzi wa Wareno ulioanza 1593, wa pili, kuzingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, wa tatu, miaka ya gereza, 1895 hadi 1958, wa nne, kuorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Wenye kipande kile kile kutoka makundi yote wakutane kwanza, wasaidiane kukielewa, kisha kila mmoja arudi kuwafundisha wa kundi lake. Maswali ya mwisho yaguse vipande vyote, na kila mtoto ajibu peke yake. Hapo mtoto mwenye kigugumizi aliyepewa habari za gereza hawezi kupuuzwa, kwa sababu hakuna mwingine katika kundi aliye nazo; itabidi wamngoje, wamuulize kwa upole na wamsikilize hadi amalize.

Njia hii ilianzishwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 huko Austin, Texas, pale watoto waliokuwa wametenganishwa kwa rangi zao walipowekwa darasa moja na uhasama ukazuka. Hawakuhubiriwa wapendane, walibadilishiwa namna ya kusoma.

Najua mtaniambia kwamba silabasi haitakwisha. Mwaka 2011 mtafiti Joseph Durlak na wenzake walichambua programu 213 za shuleni zilizohusisha wanafunzi zaidi ya 270,000, wakaona kwamba waliofunzwa stadi za kijamii na kihisia waliwapita wenzao hata masomoni, kwa takriban nafasi 11 katika kila mia. Na mkisema darasa limejaa, nauliza: mwalimu anayewahutubia watoto sitini kwa mpigo amemsikia nani kati yao?

Kuhusu tathmini na wajibu wa wazazi nilikuwa na mengi, lakini adhuhuri imetufikia. Ninaomba jambo moja: kabla ya muhula kuanza, kila mwalimu achague kifungu kimoja, akikate vipande vinne, na akiandike katika andalio lake kuwa ndilo somo lenyewe, si zoezi la dakika tano za mwisho.