Mada ya Nane

Karibuni, kaeni. Mliosimama mlangoni, viti vya mbele vipo, simuulizi mtu swali.

Wazee wa Ujiji mmenisikia nikilisema hili mpaka mmechoka. Nami sijachoka. Vijana wameharibika, hilo tunaliimba kila siku, silirudii. Nina mambo matatu, la kwanza kipindi cha dini shuleni.

Nilikuwa na Kidato cha Tatu, hapa hapa Kigoma. Tukaambiwa mkaguzi yuko njiani. Siku hizi mnawaita wathibiti ubora. Muhtasari umeniacha, niko mada ya tano. Nikawaambia vijana: akiuliza, semeni tumefika ya nane. Na wametoka kipindi cha dini muda huo huo, Waislamu kwa ustadhi, Wakristo kwa katekista! Akasimama kijana mmoja mpole, baba yake muuza samaki wa migebuka Kibirizi. “Samahani mwalimu, ustadhi ametukataza uongo sasa hivi. Nimsikilize nani?”

Mnajua nilimjibu nini? Kaa chini.

Mkaguzi akaingia, akauliza, darasa zima likaitikia kama kwaya: ya nane! Na yule kijana naye. Niliuona mdomo wake. Angenyamaza ningepona, aliitikia. Yaani ustadhi kafundisha mwaka mzima, mimi nimefuta kwa sentensi moja, tena bila chaki.

Sasa yupo hapo anayenong’ona: basi dini itoke shuleni, Serikali haina dini. Ngoja, bwana. Ibara ya 19 ya Katiba inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Imesema wapi mtoto aiache imani yake getini? Shule za misheni zilitaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969, kipindi kikabaki kwenye ratiba. Kimebakije? Ustadhi anakuja kwa baiskeli yake, hata maji ya kunywa hapewi. Mvua ikinyesha haji, watoto wanapewa mafagio. Kisha Kidato cha Nne tunawatungia mtihani wa dini, mtu anapata A, na hesabu anaibia.

La pili lilikuwa simu, la tatu mavazi. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, simu tuiache. Mavazi mtayasema wenyewe, mnayapenda.

Na nyie walimu mnaocheka huko nyuma, semeni kweli: mko mada ya ngapi?