Kwa nini sifungui banda la vitumbua Singapore (nawajibu nikiwa kwenye foleni ya vikeki vya mafini)

Haya jamani, habari zenu, niko kwenye foleni kwahiyo mtanivumilia na kelele. Hili swali nimelikwepa kwa miezi sasa ila limezidi, kila nikiposti chakula lazima mtu aandike "dada si ufungue na wewe banda hapo uuze vitumbua utapiga hela", jana tu zimeingia komenti sita za hivyo, nyingine na vikatuni vya kucheka utadhani mimi ni mvivu. Leo nawajibu. Na msije mkasema naringa kwa vile nawaonyesha foleni ya keki, wala msiseme nalalamika, maana siku ile nimeongelea kodi ya chumba mkaniambia kama pamekushinda rudi.

Hapa ni hoka senta, vibanda vya chakula vingi chini ya paa moja, nimeshawazungusha humu sirudii. Hiki cha mafini anakiendesha anko mmoja na mkewe (huku mtu mzima yeyote ni anko au anti, kwa hilo sikupata shida), wana oveni mbili tu, na banda lenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Hawapangi keki za jana kwenye kioo. Trei ikitoka harufu inatembea mpaka kwa wauza supu kule mwisho, dakika tano imeisha, mnasubiri nyingine. Moja dola 2 za Singapore, najua mshaanza kuzidisha, ndiyo ni kama shilingi elfu nne za Tanzania, lakini huku hiyo bei rahisi, ingia mgahawa wenye kiyoyozi uone, wanakuongezea asilimia 10 ya huduma na kodi ya serikali asilimia 9 juu yake. Hapa iliyoandikwa ndo unayolipa.

Sasa banda. Jamani, siruhusiwi! Siyo sitaki. Kupanga banda kwenye hoka senta ya serikali lazima uwe raia au mkazi wa kudumu, na unatakiwa usimame mwenyewe upike, siyo unakodi halafu unamwachia mtu. Mimi nipo kwa pasi ya kazi, yaani kibali cha kuajiriwa, na hiyo pasi ina jina la mwajiri mmoja, kwa huyo ndo nafanya kazi basi. Hata nikisema nikaange vitumbua jikoni kwangu niuzie majirani ni kosa, wanaweza kunifutia pasi na kunirudisha, halafu nyie nyie ndo mtakuja kunicheka. Kwahiyo ukimwona mtu anakwambia njoo Singapore ufungue biashara ya chakula, lipia fomu kwanza, muulize utaingia kwa pasi gani, akianza kuzungukazunguka ujue ushapigwa.

Na hata ningekuwa raia, mabanda yanatolewa kwa zabuni, kila mtu anaandika atalipa ngapi kwa mwezi. Mwaka 2024 kuna mtu aliandika zaidi ya dola 10,000 kwa mwezi kwenye hoka senta ya Marine Parade, hiyo ni kama milioni ishirini, kodi tu, hujanunua unga. Siyo wote wanalipa hivyo, wapo wazee wa zamani wenye kodi ya ruzuku ndo maana bei zao ziko chini, ila mpya unayeingia leo unapambana na watu wa namna hiyo. Vitumbua vingapi hivyo?

Mnavyonisema sijitumi sasa, mngejua nilivyofika hapa. Miezi ya mwanzo hata mafini ya dola 2 sikuweza kununua na hela ninayo! Paspoti yangu ina majina matatu, mkataba wa chumba mwenye nyumba kaandika mawili, benki wakanirudisha mara tatu eti huyu siyo yule. Bila akaunti huna ile malipo ya kuskani kwa simu, nikatoa noti ya 50, anko akaniangalia, chenji hana, nyuma watu thelathini wanakohoa. Akanilipia mwenzangu wa kazini. Mpaka leo ananikumbusha, tena mbele za watu. Na wiki hiyo hiyo binamu yangu, hajambo namsalimia anaangalia hii, ananitumia meseji eti dada wewe wa dola nitumie ya simu.

Sisemi huku kubaya. Mwingine kaja kwa ndoa, ana karatasi zingine, kuanzia 2025 baadhi ya wenye pasi za ukaazi za kifamilia wanaweza kuajiriwa kama wasaidizi kwenye haya mabanda, kwahiyo yeye majibu yake yatakuwa mengine. Haya yangu ni yangu, usiende kumwambia mumeo dada wa video kasema haiwezekani.

Ngoja ngoja, imetoka trei. Mnaisikia? Aah, sauti mnasikia harufu hamsikii, poleni. Anko, two banana. Eh? Kasema za ndizi zimeisha, zimebaki za chokoleti. Haya hizo hizo, mbili, moja ya yule mwenzangu labda leo atanyamaza.