Kijiko cha nyuma kinabebwa na nini?

Asanteni, kaeni. Mlioko nyuma sogeeni mbele, hapa hakuna atakayeng'atwa. Nimepewa nusu saa niwaeleze matumizi ya kijiko, ule mkono wa kuchimbia wenye baketi, kwenye trekta dogo. Najua mnachokitaka: mashimo ya parachichi, sentimita 60 kwenda chini, 60 upana, mamia kwa mamia, yakamilike kabla mvua za Novemba hazijakolea hapa Njombe. Vijana wamechoka kuchimba kwa jembe. Lile likijiko kubwa la kukodi halipandi miteremko yenu, na likipanda linashindilia udongo mpaka shamba linakuwa barabara. Basi trekta la nguvu za farasi 25 au 30 lenye kijiko mgongoni linaingia akilini. Sipingi. Swali langu ni lile lile, na waliokuwepo mwaka jana wanalijua, naona wameshaanza kucheka: kinabebwa na nini?

"Kinabebwa na trekta, fundi." Trekta sehemu gani? Hapo ndipo kimya kinapoingia.

Lori lina chesi, ile fremu ya chuma inayobeba kila kitu. Injini ikiondolewa, chesi inabaki imelala pale pale. Trekta dogo, mengi yake, halina chesi ya namna hiyo. Injini imefungwa kwa bolti kwenye hauzingi ya klachi, yaani gamba la chuma linaloifunika klachi, hauzingi imefungwa kwenye giaboksi, giaboksi kwenye ekseli ya nyuma. Vyuma hivyo vya kusubu, vya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ndivyo uti wa mgongo wenyewe. Chuma cha kusubu hubeba mzigo mkubwa sana, lakini kukunjwa hakikubali. Hakipindi kikakuonya. Kinapasuka.

Sasa wewe umenunua kijiko, muuzaji amekuambia "kinachomekwa tu nyuma kama plau", ukafurahi. Mikono miwili ya chini na toplinki, ile fimbo ya juu, pini tatu, kazi imeanza. Jamani! Ile mikono ya chini haidroliki yake, nguvu ya msukumo wa oili, inanyanyua tu. Kushuka inashuka kwa uzito wa kitu kilichoning'inia, basi. Plau haina neno, inavutwa. Kijiko kinasukuma, kinavuta, kinakandamiza, kinayumba kushoto na kulia. Ukikandamiza baketi kwenye udongo mgumu, kijiko chote kinataka kujikunja kwenda juu, na kinachokizuia ni toplinki, fimbo moja yenye pini ya milimita 19. Fimbo hiyo ikikatika, au pini ikichomoka, kijiko kinakunjika kuja kwenye trekta. Na katikati yao amekaa nani? Dereva, amelipa usukani mgongo, mikono yote miwili kwenye levaa za kuendeshea kijiko. Mtoto hubebwa kwa kanga iliyozunguka mwili mzima wa mama, habebwi kwa kuning'inizwa masikioni.

Kuna mzee mmoja huku huku milimani, jina lake halituhusu. Alikuwa na trekta zuri tu, akanunua kijiko cha pini tatu. Mashimo yakaenda vizuri, msimu mzima. Tatizo lilikuwa visiki vya miti ya miwati. Kisiki cha mwati mnakijua, mizizi yake haina adabu. Kijana wake alikuwa anaingiza baketi chini ya mzizi, anavuta, trekta linanyanyuka nyuma, anaachia, linadondoka. Anavuta tena. Kila likidondoka, ule uzito wa nyuma unapiga katikati ya trekta. Baada ya muda oili ikaanza kutoka jasho chini ya hauzingi ya klachi. Wakasema sili, ile ya kuzuia oili isivuje, imekufa. Wakabadilisha sili. Jasho likaendelea. Wakabadilisha tena, safari hii wakamlaumu fundi.

Nilipoitwa sikufungua bolti hata moja. Nilifuta lile eneo mpaka likakauka, nikapaka mafuta ya taa, nikasubiri, nikafuta tena, nikapaka chaki nyeupe ya shule. Mkae mkijua dawa hii, ni ya bei ya chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanarudi nje yanalowesha chaki, na ufa unajichora wenyewe. Ulianzia kwenye tundu la bolti ya chini, ukapanda ubavuni, mwembamba kuliko unywele, rangi ya trekta imeufunika. Nikamwambia: mzee, hapo kimebaki kisiki kimoja tu likatike. Akasema amalizie kazi ya jirani, ameshachukua advansi.

Trekta lilikatika mchana wa siku iliyofuata. Liliketi chini katikati, pua juu na mkia juu, oili yote shambani. Kijana aliruka, mzima. Advansi ilirudishwa.

Najua kuna anayesema: mbona JCB, zile mashine kubwa za kuchimbia, zinavuta visiki kila siku? Swali zuri. Hata wenzetu walianza kwa kupachika. Mwaka 1948 kule Massachusetts, Marekani, Vaino Holopainen na Roy Handy walikuwa wanauza kijiko cha haidroliki kilichofungwa kwenye trekta la Ford 8N, trekta la shamba la kawaida. Mwaka 1953 Joseph Cyril Bamford, ndiye mwenye hizo herufi JCB, kule Rocester, Uingereza, akafunga chake kwenye Fordson Major. Lakini hawakukomea hapo. Kufikia 1957 kampuni ya Case walikuwa wanatoa mashine ambayo sepeto la mbele la kuzolea udongo na kijiko cha nyuma vimetoka kiwandani vikiwa kitu kimoja. JCB unayoiona barabarani leo imejengwa tangu mwanzo kwa ajili ya kubeba kijiko. Trekta lako limejengwa kwa ajili ya plau.

Kwa hiyo: fremu. Fremu inayopita chini ya trekta pande zote mbili, imefungwa kwenye ekseli ya nyuma na kwenda mbele mpaka karibu na injini, kijiko kinakaa juu yake. Msukumo unapita kwenye fremu, uti wa mgongo unapumzika. Ghali? Ndiyo. Uliza bei ya hauzingi ya klachi halafu tuongee. "Fundi wangu wa mtaani atachomelea." Achomelee fremu, sawa, kama anajua vipimo vya chuma. Ila ifungwe kwa bolti kwenye matundu ambayo kiwanda kimeyaacha. Asiguse ekseli kwa moto! Chuma cha kusubu ukikichomelea ovyo umekianzishia ufa wewe mwenyewe.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Haya, mengine haraka. Miguu ya kijiko ya kuegemea chini ishushwe mpaka matairi ya nyuma yaanze kuwa mepesi, sepeto la mbele liketi chini. Kwenye mteremko udongo umwagwe upande wa juu, ukizungusha baketi iliyojaa kuelekea bondeni unalitafuta bonde. Usisukume udongo kwa ubavu wa baketi, pini za kuzungushia zitakwisha. Ukitembea na trekta, kijiko kifungwe kwa pini zake. Levaa zishikwe ukiwa umekaa kitini, si umesimama chini pembeni. Kama mtaro unapita karibu na nyumba, ulizeni kwanza nyaya na mabomba ya maji yamepita wapi.

Na mtaro wenyewe: mita ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Mtaro wa kina cha kifua, udongo umelundikwa ukingoni kabisa, halafu mtu anaingia kusawazisha bomba? Lundo likae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na mtu asiingie kabla kuta hazijachongwa kwa mteremko au kuwekewa mbao. Hili lilistahili siku yake peke yake, mwenyekiti.

Maswali tutayamalizia nje. Trekta la chama lipo pale chini ya mti na lina kijiko cha pini tatu, nimeliona wakati naingia. Nimekuja na chaki na mafuta ya taa. Asiyetaka kuchafuka avue shati.