Muamala Mmoja, Shahada Mbili

Mhadhara uliotolewa Kigoma kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wazazi wenzangu, nanyi wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, nawashukuru kwa kuja, ingawa najua baadhi yenu mmeletwa na baba zenu.

Nimeombwa nizungumzie kusoma shahada mbili kwa pamoja, ya biashara na ya teknolojia ya habari. Mzee mmoja amenisimamisha pale mlangoni na kunikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nimemwahidi kwamba nitamjibu, na jibu langu limo katika neno ambalo kila mmoja wenu analo mfukoni sasa hivi, kwenye ujumbe wa simu: muamala.

Neno hili lilikuwa la wafanyabiashara kabla ya kuwa la simu. Huyu atoe, yule apokee, na wote wawili wakiri. Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hisabati ambamo alieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao: kila muamala huandikwa mara mbili, debiti, yaani kilichopokewa, upande mmoja na krediti, yaani kilichotolewa, upande wa pili, na pande hizo zisipolingana ujue kuna jambo. Utaratibu huo hakuubuni yeye, aliukuta sokoni. Takriban miaka 500 baadaye, Mmarekani Jim Gray, aliyepewa mwaka 1998 tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya wataalamu wa kompyuta, alikuwa miongoni mwa wataalamu walioweka kanuni za muamala ndani ya kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu kwenye kompyuta, ambazo kuu yake ni kwamba hatua zote za muamala zikamilike kwa pamoja au isikamilike hata moja. Ukimtumia ndugu yako fedha kwa simu, kwako zipungue na kwake ziongezeke. Kama mtandao umekatika katikati, zirudi kwako kana kwamba hukubonyeza kitu. Mimi naona hiyo ni kanuni ya Venice iliyohamia kwenye umeme.

Naomba niwaeleze nilivyolijua hilo, maana sikulijua chuoni. Mimi nilisoma kompyuta kwanza, uhasibu nikaja kuusoma ukubwani, na kosa nitakalowasimulia ni langu mwenyewe. Niliandika programu kwa ajili ya kikundi cha akina mama wanaonunua dagaa mwaloni Kibirizi, wakawaanika, kisha wakawauzia wachuuzi wa bara na wa ng'ambo ya ziwa. Mteja akikopa magunia 6, programu yangu ilipunguza kwanza magunia ghalani, halafu ndipo ikaenda kuandika deni kwenye jina lake. Siku moja umeme ulikatika katikati ya hatua hizo mbili. Uliporudi, ghala kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa limepungua magunia 6, na hapakuwa na mtu anayedaiwa hata shilingi.

Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo ambaye hakuwa amewahi kugusa kompyuta, hakunigombeza. Alifungua daftari lake, lile gumu lenye mistari, lililokwisha kunuka dagaa kila ukurasa, akaweka kidole juu ya mstari mmoja. Kushoto magunia yaliyotoka, kulia jina la mteja na kiasi anachodaiwa. Akanieleza kwamba kwake hakuna gunia linaloinuliwa na mpagazi kabla pande zote mbili hazijaandikwa. Kanuni hiyo nilikuwa nimefundishwa darasani, tena mtihani wake niliufaulu vizuri. Nilipokutana nayo ikiwa imevaa kitenge sikuitambua.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu nililifanya kwa nia njema. Karani alipoandika magunia 16 badala ya 6, programu ilimruhusu kuufuta mstari na kuandika mwingine, nami nikaona nimemrahisishia kazi. Katika kompyuta, kufuta ni amri ya kawaida kama kuongeza. Kwa mhasibu hakifutwi kitu: kosa huachwa lionekane, chini yake likaandikwa ingizo la kulibatilisha, kisha ndipo likaja ingizo sahihi, ili atakayekagua mwakani ajue nani alikosea, lini, na nani alisahihisha. Mwisho wa mwezi nilikuwa na orodha safi isiyoweza kumshawishi mtu yeyote. Ningekuwa nimekaa miaka 4 nikisoma shahada zote mbili, mwalimu wa kanzidata akitoka darasani na mwalimu wa ukaguzi wa hesabu akiingia, nadhani ningeligundua hilo kwa hasara ndogo zaidi.

Yapo na mambo madogo ya namna hiyo. Kompyuta nyingi huhifadhi desimali kwa msingi wa mbili, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu, na katika msingi huo 0.1 haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho katika namba zetu. Ndiyo maana katika lugha nyingi za programu ukijumlisha 0.1 na 0.2 hupati 0.3 kamili. Mwalo unaopokea faranga za Burundi na za Kongo unahitaji viwango vya kubadilishia fedha vyenye desimali, na kiwango cha siku ile hakina budi kuhifadhiwa pamoja na muamala wenyewe, kwa kuwa kesho kitakuwa kingine.

Sasa nije kwenye masomo. Katika vyuo vikuu vya Australia, ambako utaratibu wa shahada mbili umezoeleka, shahada ya biashara kwa kawaida ni ya miaka 3 na ya teknolojia ya habari vivyo hivyo, lakini mwanafunzi anayezisoma kwa pamoja humaliza kwa miaka 4 na kutoka na vyeti viwili. Wazazi wakisikia hivyo hudhani kuna miaka 2 ya bure. Haipo. Kwa hesabu ya masomo 8 kwa mwaka, shahada hizo zikisomwa mbalimbali ni masomo 48, na zikisomwa pamoja ni 32. Yale 16 yanayopungua ni hasa masomo ya hiari, kwa sababu masomo ya shahada moja huhesabiwa kuwa ya hiari ya shahada nyingine. Kwa hiyo ukichoshwa na takwimu mwaka wa pili, huna somo la muziki wala la Kifaransa la kukimbilia.

Msichanganye utaratibu huo na shahada moja yenye fani zilizochanganywa, kama ile ya teknolojia ya habari ya biashara inayotolewa na Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kwa miaka 4. Hiyo ni cheti kimoja. Tena hata shahada ya uhasibu peke yake haikufanyi CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa. Mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, iko palepale inakusubiri. Maoni yangu, na najua baadhi ya walimu humu hawatakubaliana nami, ni kwamba kijana wa Kigoma asiyemudu ada ya ng'ambo hajakosa kitu kikubwa akisoma shahada moja hapa nchini na kuifuatilia fani ya pili kwa dhati, mradi asiishie kwenye kozi za wiki 2 za kujifunza kubonyeza.

Waliosoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, wameniuliza kama wataweza kuandika programu. Mtaweza, lakini hisabati ya BAM, ile ya msingi kwa wasiosoma hisabati kama somo kuu, mliyoipita kwa kubahatisha mtarudi kuidai. Waliosoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, hawajaniuliza chochote, na hao ndio wanaonitia wasiwasi.

Programu ya akina mama niliiandika upya. Umeme ukikatika sasa, muamala ambao haujakamilika hurudi nyuma wote, na kitufe cha kufuta nimekiondoa. Mwenyekiti hajaliacha daftari lake, wala sijamwomba aliache. Kila Jumamosi tunaviweka mezani, daftari na kompyuta, tukalinganisha mstari kwa mstari. Jumamosi iliyopita vilipishana gunia moja, na mpaka naingia ukumbini humu bado tunalitafuta.