Ukimpima Mtumiaji, Nyamaza

Ndugu zangu, nimeombwa niseme machache juu ya kupima programu kwa kumtazama mtumiaji akifikiri kwa sauti. Clayton Lewis ndiye aliyeieleza njia hii kwa fani yetu mwaka 1982, akiwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM. Msingi wake ni wa saikolojia. Mwaka 1980 watafiti wa saikolojia Ericsson na Simon walieleza kwamba mtu akitamka tu yaliyomo akilini mwake, fikra zake hubaki katika mkondo wake. Ukimtaka atoe sababu, mkondo unahama. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu kazi.

Mtazameni mtu aliyemaliza kujaza fomu. Anasema, “Sasa naituma wapi? Hiki cha kijani… hapana, hiki kitafuta kila kitu.” Kishale kimefika juu ya kitufe chenyewe cha kutuma, kikaondoka. Kumbukumbu za mibofyo zingekwambia amekawia, basi. Maneno yake yanakwambia kitufe alikiona, akakiogopa. Sasa wewe ukidakia, “Kwa nini unadhani kitafuta?” ataanza kukutungia sababu, na tangu hapo atasoma kila kitufe kwa uangalifu ambao akiwa peke yake asingekuwa nao.

Kwa hiyo vumilia. Akinyamaza, mwambie, “Endelea kusema.” Akikuuliza kama abofye, mrudishie: “Ungekuwa peke yako ungefanyaje?” Najua inauma kumwona mtu anahangaika na kitu ulichokijenga mwenyewe, lakini kule kuhangaika ndiko ulikokuja kukuona. Na andika maneno yake kama alivyoyasema. Ukiandika “alichanganyikiwa”, msanidi wa programu atakubishia.

Kabla ya yote, mweleze kwamba kinachopimwa ni programu, si yeye. Mzoeshe kwanza kwa zoezi dogo: ahesabu kwa sauti madirisha ya nyumba anayoikumbuka. Muda usiupime, maana kusema kunachelewesha mkono.

Watu wangapi? Watafiti Nielsen na Landauer, mwaka 1993, walipata kwamba mtumiaji mmoja hufichua wastani wa asilimia 31 ya kasoro. Kwa hesabu hiyo, watu 5 hufikisha kama asilimia 85. Ni wastani tu. Programu yenye watumiaji wa aina mbalimbali inahitaji watu wa kila aina. Mimi nashauri muanze na hao 5, mrekebishe, kisha mtafute wengine, kwa sababu wale wa kwanza wameshaijua njia.